Nataka kuipiga nyeusi nikeli yote ya Pijo 504 ya marehemu baba: nishaurini kabla sijaharibu

Simba_wa_Raskazone

Wakuu, salaam. Wakubwa shikamooni.

Nina Peugeot 504 saluni ya mwaka 1976, aliiacha marehemu baba. Imelala bandani miaka tisa hapa Tanga, mahali ambapo ukisahau kijiko nje usiku, asubuhi kina kutu. Injini imeshaitika. Sakafu imekatwa na kuchomelewa upya, rangi tunarudishia ileile ya maziwa. Kilichobaki ni nikeli, yaani vile vyote vya kung'aa: bampa zote mbili, grili, fremu za madirisha, vitasa, wilikepu, na yule simba wa mbele. Kuna sehemu zimetoka vipele, kuna zilizofifia, kuna zilizobonyea.

Sijapata mtu wa karibu wa kupiga nikeli upya. Fundi rangi wangu anasema tusihangaike: msasa, praima, nyeusi isiyong'aa, gari litoke kama la kisasa. Nimeona picha za magari ya zamani ya Ulaya yaliyofanywa hivyo, yanavutia kweli. Mama ameshanuna. Anasema baba alikuwa akiifuta ile bampa kila Jumapili, halafu mimi naenda kuipaka masizi.

Nifanye au nisifanye? Na kama nafanya, nafanyaje isibanduke baada ya mwezi?

Mpenda_Mchuzi

Naweka mkeka hapa, nasubiri wajuzi.

Fundi_Gerezani

Simba, mwambie fundi wako aweke msasa chini kwanza. Kabla hujaniuliza habari ya nyeusi, nenda kafungue bampa ya nyuma, uigeuze, uangalie mgongo wake. Usiangalie uso. Mgongo.

Chuma kilichopigwa nikeli mgongo wake huwa na kutu, au rangi ya kijivu ya kiwandani, kwa sababu pale hakuna anayetazama na nikeli haikufika vizuri. Bampa ya chuma kisichoshika kutu, yaani inoksi, mgongo wake ni chuma kilekile cha mbele, ila hakijasuguliwa. Sasa sikiliza: bampa za 504 saluni kutoka kiwandani ni inoksi. Kama zako hazijabadilishwa, unataka kupaka rangi kitu ambacho hakihitaji rangi mpaka siku ya kiama.

Simba_wa_Raskazone

Mkuu nimejaribu sumaku. Imenasa vizuri tu. Si ina maana ni chuma cha kawaida?

Fundi_Gerezani

Sumaku inawadanganya wengi. Inoksi ziko aina nyingi. Ile ya masufuria mazuri, yenye nikeli ndani yake, sumaku haiishiki au inaishika kidogo sana. Lakini mapambo mengi ya magari yalitengenezwa kwa inoksi yenye kromu bila nikeli, na hiyo sumaku inainasa kama msumari. Ndiyo maana nimekwambia mgongo.

Angalia pia kutu yenyewe. Nikeli ikifa inavimba, inapasuka, inabanduka kama magamba, ukipitisha ukucha unanasa. Inoksi haibanduki, haina cha kubanduka. Inafifia, inachubuka, inapata madoa ya kahawia ya juu juu yanayotoka kwa kusugua.

Jambo dogo la pembeni: mafundi wetu kuita vitu hivi "nikeli" hawakukosea kama wasomi wanavyodhani. Kromu ya mapambo ni tabaka jembamba mno, kwa kawaida halifiki hata nusu ya mikroni (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Chini yake ndiko kuna nikeli nene mara nyingi zaidi, na mara nyingi shaba chini ya nikeli. Ule mng'ao mzito unaouona ni wa nikeli. Kromu ni kifuniko tu, inaizuia nikeli isifubae na isichubuke.

Dogo_Mbezi

Mnamchosha jamaa na darasa. Kaka piga stika nyeusi, mchezo umeisha. Mimi nilivalisha Corolla DX yangu stika ya satini, ile inayong'aa kidogo tu: bampa, fremu za madirisha, grili. Siku mbili kazi imekwisha, na ukichoka unabandua, nikeli iko palepale.

Fundi_Gerezani

Dogo, ilidumu muda gani?

Dogo_Mbezi

Fremu za madirisha mpaka leo ziko sawa, mwaka wa pili huu. Bampa sitaki kusema uongo, ilianza kurudi nyuma kwenye kona baada ya miezi kama kumi na nne. Jua la Dar.

Fundi_Gerezani

Asante kwa ukweli wako. Kwenye kona stika huwa imevutwa, na iliyovutwa ikipigwa jua inataka kurudi ilikotoka. Aliyekuvalisha alipaswa kuipitishia moto tena baada ya kumaliza ili itulie, na kingo azikunje nyuma ya bampa, asizikate usoni. Na stika haijazi vipele. Ukiibandika juu ya nikeli iliyovimba, kila kipele kitaonekana kama kokoto chini ya shuka. Mbaya zaidi ni kutu: inaendelea kula kule chini, wewe huioni.

Babu_wa_Makupa

Marahaba mjukuu Simba. Nimekaa na Pijo tangu ile ya 404. Nyinyi vijana mnadhani nyeusi ni kitu cha juzi. Enzi zetu magari mengi ya mashindano yalipakwa nyeusi isiyong'aa juu ya boneti, na haikuwa mapambo. Jua la saa kumi likigonga boneti linarudi machoni pa dereva. Nilikuwa Mombasa mwaka 1975, redio imebanwa sikioni, Ove Andersson aliposhinda mashindano ya Safari Rally kwa 504. Mwaka 1978 ikashinda tena, ile kupe, ya milango miwili, yenye injini ya V6, dereva Jean-Pierre Nicolas. Baada ya hapo kila mwenye Pijo barabarani alijiona yuko mashindanoni, na wengi walipaka boneti nyeusi. Gari la kupeleka samaki sokoni, boneti nyeusi!

Kwa hiyo ukitaka nyeusi yenye historia, paka boneti. Bampa ya baba yako iache.

Mwl_Kemia

Babu yuko sahihi kuhusu jua. Hata Marekani, kuanzia magari ya 1968, sheria ya usalama ilidhibiti mng'ao wa vitu vilivyo mbele ya macho ya dereva: mikono ya waipa, pete ya honi, mapambo ya ndani kuzunguka kioo cha mbele, fremu ya kioo cha kutazamia nyuma.

Bi_Kasa_Nyali

Nami nina la kusema, kwa vile nilitenda dhambi hiyo na sikujuta yote.

Gari langu ni Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe, ya 1972. Nilipolinunua mikanda ya urembo ya kung'aa ya ubavuni ilikuwa imepinda, mmoja haupo kabisa. Nikaona picha za mtindo wa California: vijana wa Kusini mwa California, toka miaka ya sitini kuelekea ya sabini, waliing'oa mikanda yote, wakaziba matundu, wakaondoa bampa na kuweka vibomba vifupi mahali pake, gari likashushwa mbele. Mwaka 1975 jarida moja la Volkswagen kule ndilo lililoutangaza mtindo huo kwa jina hilo. Na si wao tu. Volkswagen wenyewe walitoa toleo la "Jeans" miaka hiyo hiyo, la njano, viti vya kitambaa cha jinzi, na karibu kila kitu ambacho kingekuwa cha kung'aa kilitoka kiwandani kikiwa cheusi. Kwa hivyo anayesema kobe nyeusi si ya asili, nampelekea hilo.

Basi. Nikang'oa mikanda. Fundi akajaza matundu kwa pati. Mvua ya kwanza ya masika, hakuna lililotokea. Ya pili, vidoti vya kahawia vimejipanga mstari mmoja ubavuni kama mchwa wanaokwenda kazini. Pati haizibi tundu jamani, pati inanyonya maji. Tundu la klipu linazibwa kwa kuchomelea, doa moja moja, unaacha bodi ipoe katikati, la sivyo mlango unajikunja. Nililipa kazi ile mara mbili.

Raba ya kioo nayo ina mambo. Ile ya gari lenye urembo ina mfereji wa kupokea ukanda wa kung'aa. Ukiutoa ukanda peke yake, mfereji unabaki wazi, unakusanya vumbi na maji. Ununue raba isiyo na mfereji. Na ukitaka kuurudisha ukanda baadaye, unaingizwa kwenye raba kabla kioo hakijapandishwa garini. Ukijaribu baada ya kioo kukaa, utaukunja tu.

Ninalojuta ni moja: mikanda niliitupa. Mikanda ya kobe ni alumini, myepesi, ingekaa juu ya kabati bila kumsumbua mtu.

Simba_wa_Raskazone

Shukrani Bi Kasa. Nimefungua bampa ya nyuma. Mgongo ni chuma cheupe, kina tope na buibui, kutu hamna. Fundi Gerezani nakupigia saluti.

Lakini vitasa, simba na herufi za nyuma vimevimba kweli, malengelenge yanatoka chini. Jirani hapa ana ujuzi, anasema tutie chumvi kwenye ndoo ya maji, tuunge chaja ya betri, nikeli itatoka yote usiku mmoja, halafu tupake rangi chuma kitupu. Mnasemaje?

Mwl_Kemia

Hapana. Hapana tena.

Umeme ukiupeleka kinyume ili kuivua kromu, kwenye maji ya aina nyingi kromu inaingia majini ikiwa katika hali yake mbaya kabisa, kromu sita. Hiyo inasababisha saratani. Ndiyo Umoja wa Ulaya uliyoiwekea masharti: tangu Septemba 2017 viwanda vya huko haviruhusiwi kutumia kromu trioksaidi bila kibali maalumu. Ukiona maji yamegeuka manjano au rangi ya machungwa, usimwage kwenye mtaro, na usidhani ni kutu. Na ukitumia chumvi ya mezani unapata pia gesi ya klorini. Ndani ya banda. Usiku.

Pili, vitasa na nembo za magari ya umri huo kwa kawaida si chuma. Ni aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Ndiyo maana malengelenge yanatoka chini: maji yamepenya kwenye vitundu vya nikeli yakaanza kula zinki. Zinki ukiiweka kwenye asidi au kwenye ndoo ya jirani, kesho utachota uji.

Dogo_Mbezi

Duh. Mimi nilitaka kujaribu hiyo ndoo.

Mkimbizi_wa_Leicester

Habari za nyumbani. Huku Uingereza nina rafiki mwenye MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza. Mwishoni mwa mwaka 1974, kwa sababu ya sheria za Marekani, kiwanda kiliondoa bampa za kung'aa kikaweka mabampa makubwa meusi ya raba, gari likainuliwa juu pia. Sasa miaka hamsini baadaye, wenye zile za raba wananunua bampa za kung'aa, wanakata na kuchomelea sehemu za mbele, wanazirudisha nyuma kimtindo. Wengine wanafanya kinyume. Nasema tu: chochote utakachofanya, wajukuu watakifumua. Kwa hiyo fanya kinachofumuka.

Kobelo_wa_Pili

Gari ni lake jamani, aliye na pesa ndiye mwenye kauli. Hii habari ya "asili, asili" inachosha. Baba yake mwenyewe angeishi leo angeweka rimu za inchi kumi na saba.

Babu_wa_Makupa

Mjukuu, ukiweka rimu za inchi kumi na saba kwenye 504 barabara ya Pangani, utaniletea habari.

Fundi_Gerezani

Kobelo hajakosea, gari ni lake. Mimi si polisi wa mapambo. Nimepaka nyeusi magari mengi na nitapaka mengine. Ninachokataa ni kupaka nyeusi kwa uvivu. Simba, nakupa kazi yako kipande kwa kipande, kwa sababu si kitu kimoja.

Bampa na fremu za madirisha, kama ni inoksi: zisugue. Mbonyeo unautoa kwa nyuma, nyundo ndogo, uso umelala juu ya mfuko wa mchanga au gogo lenye ngozi, gonga polepole kuanzia ukingoni mwa mbonyeo kwenda katikati. Kisha msasa wa maji, 400, 800, 1200, 2000, kila mara ukibadili mwelekeo mpaka mikwaruzo ya msasa uliotangulia iishe yote. Usiruke namba. Halafu gurudumu la kitambaa na sabuni ya kung'arishia. Ukanda mwembamba usiushike mkononi mbele ya gurudumu, ufunge juu ya ubao. Gurudumu likinasa ncha litakunyang'anya, na ule ukanda ni kisu. Nina alama kwenye kiganja.

Grili: kama ni alumini, chunga. Alumini ya mapambo ina tabaka la ulinzi lililofanywa kiwandani. Dawa za kusafishia oveni na magadi ya moto zinalivua, unabaki na madoa meupe. Sabuni ya vyombo na brashi laini. Kama tabaka limeshakufa, hapo nyeusi inakubalika kabisa, na sitakucheka. 504 za mwishoni zilikuja na grili nyeusi ya plastiki, kwa hiyo macho ya watu yameshazoea.

Vitasa na simba: hapa ndipo nyeusi ina kazi ya kweli. Kupiga nikeli upya zinki iliyotoboka ni kazi ya wachache na ni ghali. Usipeleke kwenye rangi ya unga inayookwa. Oveni ile inafika nyuzi 180 mpaka 200, na zinki iliyomiminwa ina hewa ndani, ikipata moto inapumua, rangi inatoka na mapovu. Kwaruza malengelenge yote mpaka ufike penye uzima, jaza vishimo, halafu praima ya epoksi.

Sasa siri ya kutobanduka, uliyoiuliza mwanzoni. Rangi haishiki kwenye kromu kwa sababu hakuna pa kushika, ni kama kupaka rangi kioo. Fundi wako akipitisha msasa mara mbili akapuliza, itatoka vipande vipande kama ganda la yai. Osha kwa sabuni, pangusa kwa tina kuondoa mafuta, ndipo msasa 320 mpaka mng'ao wote ufe, hata kwenye mikunjo na nyuma ya ukingo. Ukibaki na nukta moja inayong'aa, ubandukaji utaanzia hapo. Pangusa tena. Epoksi nyembamba. Juu yake rangi yenye hadina (dawa ya kuikaza), satini, siyo mati, ile isiyong'aa kabisa. Mati inanyonya alama za vidole na haifutiki. Na rangi ya hadina si ya kupuliza ukiwa umejifunga kanga puani. Ile hadina inaharibu mapafu. Barakoa ya hewa safi, au mpe mwenye nayo.

Dogo_Mbezi

Na ile rangi ya mpira inayobanduliwa, Plasti Dip?

Fundi_Gerezani

Kwa kujaribu macho ni nzuri. Piga mikono minne au mitano ya kujaza, ukipiga myembamba haitabanduka kama ngozi, itabanduka kama ubandiko wa bei kwenye sahani. Karibu na mdomo wa tangi usiiweke, petroli inaiyeyusha.

Nimesahau jambo kubwa. Simba, upake usipake, kila pambo litoke garini. Usizibe kwa gazeti na utepe ukapulizia likiwa palepale. Nyuma ya klipu ndiko chumvi ya Tanga inakolala. Inoksi ikigusana na bodi yenye mkwaruzo mbele ya maji ya chumvi, bodi ndiyo inayoliwa, na inaliwa haraka kuliko kama ingekuwa peke yake. Toa, osha, tibu kutu ya matundu, praima, nta au grisi kidogo kwenye kila tundu, ndipo klipu irudi.

Bi_Kasa_Nyali

Na piga picha kila klipu ilipokaa kabla hujaitoa. Mimi nilibaki na klipu sita zisizo na kwao.

Simba_wa_Raskazone

Wakuu, narudi baada ya wiki tatu.

Bampa zimesuguliwa. Siku nne, nilifanya mwenyewe na mdogo wangu, vidole havifungi. Ya nyuma imebaki na mbonyeo mmoja karibu na taa ya kushoto ambao sikuutoa. Baba aliupata mbonyeo huo kwa kugonga nguzo ya geti mwaka niliozaliwa, mama akaomba ubaki. Fremu za madirisha zimetoka vizuri kuliko nilivyotegemea. Nyuma ya ile ya mlango wa dereva nilikuta kutu ya kupitisha kidole, ingekula nguzo yote mwaka huu.

Grili tabaka lake lilikuwa limekufa. Nimeipaka satini. Vitasa satini. Simba nilimpaka satini nikamtazama usiku kucha, asubuhi nikamkwaruza masikio na ukingo tu akabaki na mwanga kidogo. Sijui kama ni sahihi. Wilikepu bado, ziko kwenye ndoo (ya sabuni, mwalimu usiogope), na madoa madogo yanatoka kwa foili ya alumini iliyokunjwa na kuloweshwa maji. Hiyo niliijua kwa shangazi, anasafishia bomba la sinki.

Mama ameizunguka gari mara mbili, akasema grili inafanana na meno ya mtafuna tambuu. Lakini amepanda.

Mpenda_Mchuzi

Nakunja mkeka wangu. Uzi umeshiba.

Babu_wa_Makupa

Picha mjukuu. Picha.

Simba_wa_Raskazone

Picha kesho babu, mtandao wa huku unatambaa. Halafu nina tatizo: klipu nne za fremu ya mlango wa nyuma kushoto zimenivunjikia. Mwenye 504 ya kuchinja aniambie.

Kobelo_wa_Pili

Nina mlango wa nyuma, mzima, na klipu zake zote. Ila ni wa kulia.

Fundi_Gerezani

Klipu hazina kushoto wala kulia. Mtumie.